Njia Niliyomvutia Masanja

Feni mliyonipa siku ya kuniaga inafanya kazi. Nasema hili mapema ili waliochangia walale kwa amani. Iko mezani hapa nyumbani Ifakara, inageuza shingo kushoto na kulia kama mke wangu ninapochelewa kurudi, na upepo wake ni mkali kiasi kwamba karatasi hizi nimezigandamiza kwa jiwe la kusagia. Bila jiwe, kumbukumbu zangu zingeshafika Malinyi.

Mliniomba niandike niliyoyaona kwenye uwanja wa gofu wa shamba la miwa, ili anayeshika zana zangu asianze kwa kubahatisha. Vyeo sitaviandika, viko kwenye faili ofisini kama panya hawajavila. Mshahara mnaujua, maana mnaulalamikia kwa sauti ileile niliyotumia mimi. Nitaandika kazi. Na ndani ya kazi kuna jambo moja nimekaa nalo miaka ishirini na ushei. Sikulisema siku ya kuagwa kwa sababu mlikuwa mnacheka, na mimi sijawahi kuwa na moyo wa kuwakatisha watu kucheka.

Nilitoka Michenga, kwa baba mkulima wa mpunga, nikiwa kijana wa miaka ishirini mwenye shati moja la heshima. Nilidhani nimekuja kukata miwa. Mnyapara akanishika mikono, akaigeuza, akacheka.

"Wewe miwa ndiyo itakukata," akasema. "Nenda kule kwenye majani ukabebe mifuko ya wakubwa."

Ndivyo nilivyokuwa kedi, yaani mtu anayembebea mchezaji fimbo zake na lawama zake. Mfuko wangu wa kwanza ulikuwa mzito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Mwenyewe alikuwa mhandisi wa kiwandani, na kila alipopiga mpira ukaenda porini alinigeukia mimi, utadhani nimeupuliza. Jioni ile mabega yalinivimba, nikala nikiwa nimesimama kwa sababu kuinama hakukuwezekana. Kesho yake nikarudi. Nilikuwa sina shati la pili la kwenda nalo kwingine.

Wageni wanaokuja na magari yao huuliza kama kweli uwanja wetu unastahili mashindano makubwa. Huwa nawajibu, ingieni halafu tuonane jioni. Una mashimo kumi na manane, na kila shimo lina adui wake. La tatu liko kwenye udongo mweusi wa bonde, ule ambao kiangazi hupasuka. Nimeona ufa ukimeza mpira, ukameza fimbo iliyotumwa kuutafuta, na nusura ummeze mwamuzi. Masika udongo huohuo unageuka ugali, unaacha kiatu nyuma na wewe bado unatembea. La saba linafuata mto, na viboko wakitoka kula majani wanaacha nyayo kama mabakuli. Mpira ukiingia humo unaruhusiwa kuutoa kwa mkono. Kanuni hiyo tuliiweka baada ya mgeni mmoja kusisitiza aupige ulipo, akapiga mpaka kiti chake cha chakula cha mchana kikakaliwa na mtu mwingine. La kumi na moja lina nyani, na nyani wetu hawaokoti mpira wa bei rahisi. Saa nane mchana upepo unashuka kutoka mlimani kama mtu aliyetumwa. Wakati wa kuchoma miwa, majivu yanaanguka mpaka mpira mweupe unakuwa mweusi, na mchezaji naye hivyohivyo.

Lakini hayo yote mtu anazoea. Ugumu wenyewe ulikuwa brauni.

Ninyi mmekuta nyasi nzuri pale penye bendera. Enzi zetu hapakuwa na maji ya kunyweshea nyasi hizo kiangazi. Kuzunguka shimo tuliweka duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya matrekta, tukaushindilia mpaka ukawa mgumu, wa rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo brauni. Shida yake ni kwamba kila aliyeikanyaga aliacha alama. Basi mpira ukishafika juu yake, kabla mchezaji hajausukuma kwenda shimoni, kedi anachukua bomba, lile la chuma lenye mpini katikati, lililovishwa gunia, na anavuta kutoka kwenye mpira hadi shimoni. Nyuma yake inabaki njia laini, upana wa mkeka. Kanuni ilikuwa kwamba unavutiwa njia mara moja tu kwa kila shimo. Ukikosa, unapiga tena kwenye mchanga ulivyo.

Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Venansi, Mndamba mfupi mwenye nyayo pana kama sepetu, aliyezitunza brauni zote kumi na nane. Alikuwa haongei sana. Watu walisema maneno aliyaacha kwao ng'ambo ya mto akasahau kwenda kuyachukua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vuta."

Nikavuta. Akavua kandambili zake, akaipita njia yangu peku, polepole, dole gumba likiwa mbele kama pua ya mbwa. Katikati akasimama.

"Hapa umeacha tuta."

"Tuta gani mzee? Mbona mimi silioni?"

"Hukuajiriwa kuona. Vuta tena."

Siku hiyo niliivuta brauni moja mara mia nne, au labda kumi na moja, hesabu imenitoka. Alinionyesha kosa langu: nilikuwa naulalia mpini upande mmoja. Ukilalia upande mmoja, bomba linahamisha mchanga kutoka huku kwenda kule, na ukihamisha mchanga umeuhamisha mpira wa mtu. Akaniambia nisimame katikati ya mpini, nirudi kinyumenyume, nisitazame uso wa mchezaji. "Ukivuta," alisema, "usijue mpira ni wa nani." Kwa Mzee Venansi hiyo ilikuwa hotuba ya mwaka mzima.

Masanja alikuja na ng'ombe. Familia yao ya Kisukuma ilikuwa imeshuka kutoka kanda ya ziwa na mifugo, na asubuhi moja ng'ombe wao kama thelathini wakaingia shimo la tano, wakala bila kulipa ada ya uanachama. Walinzi wakamkamata mchungaji, kijana wa rika langu, mrefu, na rubega lake. Meneja akawa anamfokea. Pembeni, mhandisi wangu alikuwa amejiandaa kusukuma mpira wake kwenye brauni. Masanja, mikono ikiwa imeshikwa nyuma, akasema taratibu, "Utaenda kushoto."

Mpira ukaenda kushoto. Mhandisi akageuka.

"Umejuaje?"

"Bwana, maji yakimwagika hapo yataenda kushoto. Hata ng'ombe wangu akikojoa hapo, mkojo utaenda kushoto."

Mpaka meneja alicheka. Ng'ombe walirudishwa kwa kaka yake, yeye akabaki. Ndani ya mwezi kila mchezaji alimtaka Masanja awe kedi wake. Alikuwa akichuchumaa nyuma ya mpira, anafumba jicho moja, kisha anasema kwa kipimo chake cha viganja: "Kiganja kimoja kulia." "Viganja viwili kulia, usiogope." Ukielekeza mpira pale alipokutajia, mchanga wenyewe ulikurudisha shimoni. Katika miaka kumi nilimwona akikosea mara moja, na siku hiyo naamini kulikuwa na tetemeko la ardhi.

Jumatatu makedi tuliruhusiwa kucheza. Masanja alikuwa na fimbo nne, mojawapo kichwa chake kilichomelewa karakana na mtu aliyezoea kuchomelea majembe. Kwa fimbo hizo aliwapita wote waliokuwa wanamlipa awabebee zao.

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma shule ya jioni, darasa la watu wazima lililofanyika kwenye ukumbi wa chakula, penye harufu ya maharage na historia. Masanja alikuwa akinisubiri nje.

"Msomi wa jioni!" alikuwa akiniita. "Leo wamekufundisha maji yanakwenda wapi?"

"Leo ilikuwa hesabu za pembetatu."

"Basi pembetatu ikipata kiu niite."

Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo walimu walizijadili kwa muda mrefu. Zilitosha kunifanya msaidizi wa Mzee Venansi. Yeye Masanja alibaki kedi, bila mkataba, akikaa na mkewe Mama Kulwa na mapacha wao kwenye chumba kimoja cha udongo nyuma ya ghala la mbolea. Tulikula pamoja kila Jumapili. Nikisema alikuwa rafiki yangu, hilo sijalikuza.

Kisha ikaja habari kwamba brauni zote zitang'olewa. Pampu mpya imepatikana, patapandwa nyasi, uwanja uwe wa kisasa. Kabla ya kung'oa, yatafanyika mashindano makubwa ya mwisho, siku tatu, wachezaji kutoka nje wakaribishwe. Na uongozi ukatangaza jambo ambalo halikuwahi kutangazwa: uwanja mpya utahitaji mwalimu wa gofu. Kedi yeyote wa kwetu akishinda, atapelekwa mafunzo, atarudi awe mwalimu, na atapewa nyumba ya bati kwenye kota.

Sote tulijua kedi yupi. Mama Kulwa alikwenda kuzitazama zile nyumba, akachagua mpaka pa kuweka kuku.

Siku ya tatu, saa kumi alasiri, wamebaki wawili. Mmoja ni mgeni kutoka Dar, Bwana Elibariki, mtu muungwana kabisa, ambaye hata kumchukia kulinishinda. Mwingine Masanja. Wamefika shimo la kumi na nane. Bwana Elibariki amemaliza. Mpira wa Masanja uko juu ya brauni, hatua tano kutoka shimoni. Akiingiza, ameshinda. Akikosa na kumalizia kwa mpigo wa pili, wanalingana, wanarudia kesho. Watu wamejaa mpaka kwenye uzio wa miwa, na hakuna anayekohoa.

Katika mashindano yale makedi hawakuruhusiwa kuvuta njia. Zilivutwa na mtu wa uwanja, mmoja kwa wote, na alikatazwa kusema neno na mchezaji. Kwenye shimo la kumi na nane mtu huyo alikuwa mimi.

Brauni ile ililalia kushoto, upande wa mto. Kila mtu alilijua hilo. Mpira wa hatua tano, ukiuelekeza moja kwa moja shimoni, ungekata, yaani ungepinda, viganja viwili kushoto. Masanja alichuchumaa, akafumba jicho, akasimama. Niliona midomo yake ikisema bila sauti: viwili, kulia.

Nikaogopa. Yeye hakuogopa, niliogopa mimi. Niliwaza chumba cha nyuma ya ghala, nikawaza kuku wa Mama Kulwa. Nikashika bomba, nikaanza kurudi kinyumenyume, na mikono yangu ikaulalia mpini upande wa juu, kulia kwa Masanja. Taratibu, kama nilivyokatazwa siku ya kwanza. Mchanga wa upande wa juu ukahamia upande wa chini. Hatua tano, na ule mwinamo wote ndani ya njia ukafa. Nikaacha mkeka ulionyooka kama meza, ambao hata mhandisi wangu angeusukuma mpira kwa kiatu ukaingia.

Niliamini ataona. Macho yale yaliyoona mkojo wa ng'ombe kabla haujamwagika, yatakosaje kuona? Nikamtazama usoni, nikamkonyeza. Masanja akanitabasamia. Alidhani namtakia heri.

Nimelifikiria jambo hili kila siku ya Mungu. Masanja hakuikagua njia kwa sababu brauni yote alishaisoma, asubuhi ile na miaka kumi ya nyuma yake. Njia ilikuwa sehemu yangu. Aikague ya nini, na aliyeivuta ni mimi?

Akapiga. Mpira ukaenda pale alipouelekeza, viganja viwili kulia kwa shimo, na watu wote tukausubiri ukate. Haukukata. Ukapita, mweupe, umenyooka, ukasimama hatua mbili mbele.

Hakulalamika. Aliutazama mkono wake, kisha mchanga, kisha akatazama mbali kule mtoni, kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ngeni. Sasa yuko upande wa pili wa shimo, kwenye mchanga ambao haujavutwa, na hawezi kuvutiwa tena. Pale mwinamo ulikuwa hai kama kawaida. Lakini mpira wa kwanza umeshamwambia kwamba brauni hii hailalii popote. Na mimi nimesimama na bomba mkononi, mdomo umefungwa na kanuni, na ningeweza kuivunja kanuni, na sikuivunja.

Akauelekeza moja kwa moja, akapiga. Ukakata ukapita pembeni ya shimo.

Alishindwa kwa mpigo mmoja. Makofi yalipigwa, Bwana Elibariki akamkumbatia. Masanja akaja kwangu, akanishika bega.

"Foka," akasema, siku hiyo akaniita kwa jina langu, "macho yangu yameharibika."

"Pole," nikasema. Miaka yote ya shule ya jioni, na neno nililolipata ni hilo.

Watu walipotawanyika, Mzee Venansi alifika kwenye brauni. Akavua kandambili. Akaipita njia yangu peku, hatua zote tano, dole gumba mbele. Alipofika mwisho aliniangalia, kisha akaninyang'anya bomba, akalifuta duara lote yeye mwenyewe, kama anayefunika kaburi.

"Mzee, nilitaka kumsaidia."

"Utamwambia wewe," akasema. "Mimi sitakusemea."

Jumatatu trekta likaja, brauni ya kumi na nane ikang'olewa ya kwanza. Masanja alikuwa amefika alfajiri na mipira mitatu, anataka kujaribu tena pale pale aone amekosea wapi. Alikuta shimo la udongo. Akairudisha mipira mfukoni.

Alikaa nasi miezi michache. Wachezaji walipomuuliza, "Masanja, tunaelekeza wapi?" alijibu, "Muulize mwingine, bwana." Siku moja nikamsikia akimwuliza kedi aliyeanza kazi juzi, "Wewe unaonaje, unakwenda wapi?" Mnajua, nimeugua malaria ya kupanda kichwani mpaka nikaongea na marehemu babu yangu na akanijibu. Haikuniuma kama swali lile. Kabla ya masika akaondoka kwenda Mngeta kufanya vibarua vya mpunga, baadaye akapata kipande chake mwenyewe.

Mimi nikabaki kwenye nyasi. Mengi ya nyasi mnayajua kwa sababu niliwapigia kelele: zikatwe umande ukishakauka, shimo lihamishwe kabla ukingo wake haujachoka, ukungu ukionekana usisubiri kibali, mwagilia kidogo na mapema. Zile za mwanzo zilihitaji kubembelezwa kuliko bibi harusi. Nilizibembeleza, zikashika, na wageni wakaanza kusema uwanja wetu hauna mfano. Walinipongeza. Mzee Venansi alikuwa ameshastaafu, lakini kila mwisho wa wiki tulikutana sokoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umemwambia?"

Miaka ikaenda hivyo. Mwanzo nilisema naogopa kufukuzwa kazi. Kisha nikasema Mngeta ni mbali, barabara mbovu. Barabara ikatengenezwa. Nikasema, ameshatulia, kwa nini nimtoneshe? Sababu nilikuwa nazo nyingi, ningeweza kufungua duka. Mara tatu nilifika kwake kabisa, na mara zote tatu tulikula wali wake, nikachekesha watoto, nikapanda basi nikarudi. Alikuwa akinisindikiza barabarani. Mara ya tatu alijikwaa kwenye tuta ambalo mimi nililiona, nikacheka nikamwambia amelewa.

Mzee Venansi alipolazwa mara ya mwisho nilikwenda kumwona. Sauti ilikuwa imekwisha. Nilimsalimia, hakuweza kuitikia. Akautoa mguu nje ya shuka, akalichezesha lile dole gumba, akinitazama. Nikatikisa kichwa: bado. Akaurudisha mguu ndani. Nikatoka nje nikanunua machungwa ambayo hakuna aliyeyala. Tulimzika Alhamisi, mvua inanyesha.

Wiki mbili baada ya ninyi kunipa feni, nikapanda basi. Nilimkuta Mama Kulwa uani anapepeta mchele. Akainuka kunipokea kwa shangwe, kisha akashusha sauti.

"Shemeji, ndugu yako haoni. Jicho moja limezima, la pili anasema ni kama moshi. Wanasema ni presha ya macho."

"Tangu lini? Mbona hamkusema?"

"Miaka. Daktari alisema angewahi wangeyazuia yasiendelee. Nilimwambia twende, twende. Alikuwa ananijibu, Mama Kulwa, haya macho nayajua, yalishakwisha tangu uwanjani, unataka niyapeleke kufanya nini?"

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa kwenye ndoo iliyojaa maji. Sikusikia ubaridi.

Masanja alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Ameota mvi, urefu ni uleule.

"Msomi wa jioni," akasema aliposikia mguu wangu. "Umestaafu? Basi nani anayafundisha majani pembetatu?"

Safari hii sikuchekesha. Niliogopa nikichekesha nitakula wali nirudi. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama. Nilimweleza bomba, nilivyolalia mpini upande wa kulia, mchanga ulivyohama, njia ilivyonyooka. Nikamweleza nilivyomkonyeza. Mama Kulwa aliacha kupepeta.

Jogoo akapita katikati yetu akaenda zake.

"Nilisema viganja viwili," Masanja akasema.

"Viwili. Kulia."

"Na ungevuta kama siku zote?"

"Ungeingia."

"Na ule wa pili ukakata kwa sababu hapo hapakuvutwa."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za ndugu wa mbali.

"Basi nilisoma sawa," akasema. Hakuwa ananiuliza. Akarudia, kwa sauti ndogo zaidi, akimwelekea mkewe, "Mama Kulwa, nilisoma sawa."

Mama Kulwa alijifunika uso na kanga. Mimi nikaanza kusema nisamehe, na ndugu yangu, na maneno mengine ambayo watu husema. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Venansi alijua?"

"Alijua. Alitaka niseme mimi."

"Ukakaa."

"Nikakaa."

Akapapasa ukuta nyuma yake mpaka akapata alichokitafuta, gunia tupu la mpunga, akanirushia. Lilinigonga kifuani.

"Kuna mpini wa jembe hapo pembeni. Nivutie."

"Nikuvutie nini, Masanja?"

"Njia. Kutoka hapa nilipo mpaka mlango wa banda la kuku. Uvute kama ulivyotakiwa kuvuta."

Ua wao ni wa udongo uliofagiwa, na unalalia kidogo kushoto. Nikafunga gunia kwenye mpini. Nina miaka sitini, magoti yangu yanalia kama bawaba, na sijawahi kuvuta kwa uangalifu kama siku ile. Nilisimama katikati ya mpini. Nilirudi kinyumenyume, sikumtazama usoni. Nilipofika kwenye banda nikainua gunia juu ili lisiache alama, nikasogea pembeni.

"Tayari," nikasema.

Masanja akasimama. Akavua kandambili zake. Mkono mmoja mbele, akaingia kwenye njia niliyomvutia, hatua kwa hatua, dole gumba likitangulia, likipapasa kulia, likipapasa kushoto, likitafuta tuta.

Alifika kwenye banda, akagusa mlango. Akageuka, akaipita tena.